Pale Mbuzi Anaporuka

Mwaka huu mkusanyiko wangu wa santuri umeongezeka sanduku zima, na sikununua hata moja kati ya zilizomo. Nimeziosha karibu zote. Ninaweka beseni la maji ya vuguvugu kwenye meza ya cherehani, natia sabuni kidogo, nachukua kipande cha flaneli kilichobaki kwenye nguo za watoto wachanga, halafu nazungusha kitambaa kwa kufuata mistari, sithubutu kuikata. Nikimaliza nazisimamisha kwenye rafu ya kukaushia vyombo, kama sahani za sikukuu. Huku Kasungami vumbi jekundu linaingia hata ndani ya jalada lililofungwa, kwa hiyo kazi hiyo haiishi. Kuna rumba za Kinshasa, kuna za Zambia zenye gitaa kavu zilizovuka mpaka ndani ya mizigo ya watu wa reli, kuna hata kwaya ya misa iliyopigwa sana upande mmoja tu. Watoto wa jirani wakija kutazama, nawaambia washike pembeni wasiguse uso. Lakini kuna moja sijaiosha. Ni ndogo, ya karanti-senki, yaani ya mizunguko arobaini na mitano, ina tundu kubwa katikati na jalada lake lilishapotea. Pembeni kuna alama za vidole vya Kunda, na sabuni yangu haitafika pale. Moyo wangu umevunjika tangu sanduku hili liingie nyumbani, na ninajua kwamba katika umri wangu mtu hategemewi kuvunjika moyo kwa ajili ya mwanamume ambaye hakuwahi kumshika hata mkono.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa kwa mama Yuliana, mdogo wa mama yangu, katika nyumba ya matofali upande wa Kampemba, hapa Lubumbashi. Sebule yake ninaiona bado kuliko hii ninamokaa. Sakafu ya saruji nyekundu, ambayo mimi ndiye niliyeipaka nta kila Jumamosi nikiwa nimepiga magoti. Viti vinne vyenye vitambaa vya kufumwa kwa sindano moja, pazia la manjano, picha ya Moyo Mtakatifu, na kwenye kona meza ndogo ambayo wiki nzima ilibeba redio na Jumapili ilihamiwa na tourne-disque. Baada ya misa ya pili tulikula haraka, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, au dagaa wa kapenta kama wiki ilikuwa nzuri, halafu viti vilitolewa uani na vijana wa mtaa walikuja kucheza mpaka jua lilipoanza kushuka. Mama Yuliana aliuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye ndoo karibu na mlango na kuhakikisha kwamba hakuna anayefunga pazia. Tourne-disque hiyo, mashine ya kupigia santuri, ilikuwa ya Kunda. Alikuwa akijifunza umeme kwenye karakana ya reli, na alikuja nayo imefungwa kwenye baiskeli kwa kitenge cha mama yake, yeye mwenyewe akitembea kando kwa miguu, akiishika kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitalini.

Lazima nieleze habari ya bunungwe, maana asiyetoka kwetu anaweza kufikiri tulikuwa tukigombana. Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, kwa upande wa mama, kama sisi sote. Kunda alikuwa wa ukoo wa Chui. Chui anakula mbuzi, basi tangu zamani za mababu watu wa koo hizo mbili ni banungwe, yaani watani. Munungwe anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kuku wako uani akaenda naye, anaweza kukuita bibi yake, yaani mke wake, hata kama una mume. Siku ya msiba ndiye anayechekesha waliofiwa, na ndiye anayechukua kitu cha marehemu asiulizwe. Na sheria moja iko juu ya zote: munungwe hamkasirikii munungwe. Ukikasirika, umewaaibisha wakubwa wa pande zote mbili. Kunda alipojua ukoo wangu, Jumapili ya kwanza kabisa, alitua mashine yake mezani na kumgeukia mama Yuliana kwa heshima zote.

“Mama, asante. Mi nilikuwa na njala, kumbe mulishaniwekea chakula ku nyumba.”

“Chui ya meno ya kuoza,” nikamjibu. “Wee utakula paka matembele.”

Watu wakacheka Chui kuambiwa atakula majani ya viazi tu, na kuanzia siku ile jina langu likapotea. Nikawa Mbuzi. Akifika alipiga hodi kwa kuuliza kama Mbuzi amenona, akiaga aliniambia nisikonde. Mimi nilimkagua meno mbele ya wageni. Nilikuwa ninangoja Jumapili tangu Jumatatu asubuhi. Nilimpenda. Nilipenda alivyokunja mikono ya shati kabla ya kugusa mashine, alivyopuliza ncha ya sindano, na sarafu aliyoibandika juu ya kichwa cha mkono wa mashine ili usirukeruke. Lakini namna gani msichana atampima munungwe? Aliniambia nitakuwa bibi yake pengine mara tatu kila Jumapili, mbele ya watu wote, akiwa amejaza mdomo mkate wa mama Yuliana.

Santuri ile ndogo ilikuwa yangu, ya kwanza katika maisha yangu. Niliinunua kwa nguo nilizoshonea watu wakati wa Pasaka. Ilikuwa rumba ya polepole. Mwimbaji alikuwa akilalamika kwa mtu aliyesafiri, halafu katikati sauti zinanyamaza, gitaa linashuka peke yake, na hapo ndipo wachezaji wanaachana mikono na kila mmoja anacheza anavyojua. Kunda aliipenda kuliko zake zote. Aliipiga mwanzoni, akaipiga tena wakati watu wakitaka kuondoka, na akiwa ameinama juu yake aliniambia kwa sauti ya kawaida, bila kunitazama, “Mbuzi, hii njo ya kwetu.” Neno hilo, kwamba hii ndiyo yetu, nililibeba wiki nzima. Nililipima kila upande, kama mtu anayeangalia kitambaa kwenye mwanga kutafuta tundu.

Halafu mvua zilipoanza nikasikia maneno ambayo sikuitiwa. Ukuta kati ya chumba changu na jikoni haukufika kwenye bati. Nilikuwa nimejilaza mchana, kichwa kinauma, na mama Yuliana alikuwa akichagua maharage na rafiki yake wa kanisani. Nilisikia maharage yakianguka kwenye sinia, na sauti zao.

“Ule kijana wa Likasi iko na kazi ya muzuri,” alisema mama Yuliana. “Familia yake iko bantu ya kanisa. Bakubwa yake banakuya na mali juma inakuya.”

“Na mutoto mwenyewe? Mi niliwazaka asema anapenda ule Kunda.”

Maharage yakaendelea kuanguka.

“Anamupenda, minaona,” akasema mama Yuliana. “Lakini Kunda ni munungwe. Anaoa na mudomo. Kama alikuwa na neno, angetuma bakubwa yake. Nikingojea Chui aache kuseka, mutoto atazeekea paka hapa mu salon.”

Sikumchukia kwa maneno hayo, na hata leo simchukii. Alikuwa amesema sawa na nilivyokuwa ninaogopa mwenyewe. Nilibaki nikitazama bati na nikaamua kwamba Jumapili itakayofuata nitamwambia Kunda kwa mdomo wangu, kwa sababu baada ya mali, yaani mahari, kupokelewa na kuliwa, maneno yangu hayatakuwa na thamani tena.

Jumapili ile sebule ilijaa kuliko kawaida kwa sababu ya mvua. Hakuna aliyetaka kukaa uani. Nilikuwa nimevaa gauni la buluu nililolishona kwa siku mbili usiku. Santuri yangu ilikuwa inazunguka, na Kunda alikuwa amesimama upande mmoja wa meza ndogo, mimi upande wa pili. Nilijua kwamba gitaa likianza watu watapiga kelele na sitasikika. Nikainama.

“Kunda, sikia. Juma hii bantu ba Likasi banakuya na mali juu yangu. Tuma bakubwa yako mbele. Mi nataka unioe wewe.”

Alinitazama. Uso wake ukafunguka kwa kicheko. Aliinua mikono juu kama mhubiri.

“Bantu, musikie! Mbuzi yenyewe inalomba Chui akuye kumukula!”

Nyumba nzima ikalipuka. Mmoja akauliza kama nitaleta na chumvi yangu mwenyewe. Mwingine akasema mbuzi wa namna hii ni mgonjwa, asiliwe. Kunda alicheka mpaka akafuta macho, akafurahi kweli, kwa sababu ulikuwa utani mzuri kuliko wote tuliowahi kupigana, na aliona kwamba siku hiyo nimemshinda. Na mimi ningefanya nini? Munungwe hamkasirikii munungwe. Nilicheka. Niligeuka ili niende jikoni, na katika kugeuka kiwiko changu kikagonga mkono wa mashine. Sarafu ikaanguka sakafuni, sindano ikakwaruza santuri kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, pale pale ambapo gitaa linaanza kushuka. Kunda akairudisha sindano polepole. Nikiwa jikoni, uso ndani ya pazia la ghala la unga, nikasikia wimbo ukiendelea.

Tangu siku ile, ikifika pale, santuri iliruka. Gitaa lilianza kushuka, likatoa mlio mdogo, likajikuta mbele zaidi, na mchezaji akabaki na mguu hewani. Jumapili ya kwanza watu walikanyagana. Iliyofuata walikuwa wameshajua, wakawa wanaruka pamoja nayo, wote mara moja, sakafu yangu ya nta ikitetemeka. Wageni walidhani ni mtindo mpya. Mimi sikucheza tena. Nilikuwa uani na mama Yuliana nikipima munkoyo. Bakubwa wa Likasi walikuwa wameshakuja, walikunywa chai, waliniuliza kama ninakubali, nikasema ninakubali.

Siku ya kuondoka kwangu, baada ya misa ya ndoa, mizigo yangu ilikuwa imepangwa sebuleni, na Kunda alikuja kutimiza kazi yake. Alikaa juu ya sanduku langu la nguo, miguu imenyooshwa mlangoni, mikono imekunjwa. Watu wa mume wangu wakaanza kucheka kabla hajasema kitu, maana walijua mila.

“Hamupite. Munanikulia mbuzi yangu, na mi nabakia na nini? Munipe hata mufupa.”

Walimpa soda. Walimpa paja la kuku. Akakataa. Alilifungua sanduku mbele ya wote, akapekua vitenge vyangu, akatoa santuri yangu, akaiinua juu ya kichwa. “Mufupa njo huu!” Watu wakapiga makofi. Akanitazama, kama munungwe anavyopaswa kufanya, kuona namna nitakavyomjibu. Mimi sikuwa ninacheka. Nilimtazama machoni. Mkono wake ulibaki juu, halafu ukashuka.

“Basi. Mupite,” akasema.

Nilimsikia mama Yuliana nyuma yangu akimuuliza jirani kwa mshangao mbona Kunda ameondoka bila kula, na jirani akasema labda tumbo. Mimi nilikuwa tayari ndani ya gari.

Mume wangu alikuwa mtu mwema na nilimzika kwa machozi ya kweli. Sitaki mtu asome hapa na kufikiri nilikaa miaka yote kwenye dirisha. Nilifundisha ushonaji, nililea, nilianza kukusanya santuri wakati wengine wanazitupa, nikarudi Lubumbashi nikiwa mjane. Kunda naye alioa. Tulikutana kwenye vilio na ndoa za watu, na kila mara aliniita Mbuzi akaniuliza kwa nini nimekonda, na mimi nikamwomba afungue mdomo nihesabu meno yaliyobaki. Maisha yetu yote hatukusemezana kitu kingine. Siku moja tu, kwenye kilio upande wa Luano, karibu na uwanja wa ndege, ndege ilipita chini sana, mazungumzo yakakatika, na tulikaa tukitazamana mpaka kelele ikaisha. Halafu akaniuliza kama bado ninapenda matembele.

Mwaka huu, mvua zikiwa zinaelekea kwisha, binti yake Mado alinipigia simu. “Mama Mbuzi,” akasema, maana watoto wake hawakujua jina langu lingine, “papa alishakufa. Bakubwa banasema mukuye. Munungwe lazima akuwe.” Nilivaa kitenge cheusi na kwenda Hewa Bora, nyumbani kwake. Viti vilikuwa vimejaa chini ya turubai, wanawake wamekaa ndani juu ya magodoro, na mke wake, mama Bernadette, alikuwa katikati yao. Walinitazama wote kwa matumaini. Walikuwa wamelia tangu juzi na walikuwa wananingoja mimi niwape pumzi. Kwa hiyo walipoinua sanduku la maiti kuelekea mlangoni, nililala chini, mimi bibi kizee, nikaziba mlango kwa mwili wangu.

“Hatoke! Mwizi hatoke mu nyumba na vitu ya bantu. Aliniibia disiki siku ya ndoa yangu. Aamuke anirudishie!”

Vicheko vikaanza, vile vyenye kilio ndani. Waliobeba wakalitua sanduku. Mzee mmoja wa ukoo wake akaniinamia.

“Munungwe, umuhurumie. Ataamuka namna gani?”

“Aamuke vile alikuwa anaamuka akisikia harufu ya nyama. Mbuzi iko hapa mu mulango. Aamuke akule!”

Wakacheka mpaka mama Bernadette akaanguka juu ya bega la jirani, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Nilipiga sakafu kwa kiganja na nikamwita kwa nguvu aamke, aamke, na hakuna mtu aliyeona kwamba nilikuwa ninaomba kweli. Ilikuwa mara ya pili maishani mwangu kusema kweli kwa Kunda, na mara ya pili nyumba nzima ilicheka. Mama Bernadette alipopata pumzi akamwambia kijana wake alete sanduku la santuri, lote. Nikainuka, nikaondoka njiani, na Kunda akapita.

Nilizileta hapa. Iliyokuwa yangu niliikuta juu ya nyingine zote. Miezi yote ya baridi sikuipiga, kwanza kwa sababu umeme unakuja unapotaka, na pili kwa sababu niliogopa. Halafu siku ya kumaliza kilio ikapangwa, siku ambayo muziki unaruhusiwa kurudi nyumbani kwa marehemu, na Mado akaniomba nije na “ile disiki ya papa.” Niliibeba mapajani, imefungwa kwenye flaneli. Uani kulikuwa na bukari ya kutosha mtaa mzima, nyama, bia, na mashine ile ile ya zamani imewekwa juu ya kiti. Walipiga nyimbo za simu kwanza. Halafu Mado akaweka sindano juu ya santuri yangu. Nilikuwa nimekaa na mama Bernadette, sahani juu ya magoti. Mwimbaji akalalamika, sauti zikanyamaza, gitaa likaanza kushuka, na watoto wa Kunda na wajukuu wake wote, wakubwa na wadogo, wakapiga kelele kwa pamoja, “Mbuzi!” Wakaruka. Walitua sawasawa kwenye mdundo, kama watu waliozaliwa na wimbo ule, wakaendelea kucheza.

Niliacha kula. Mama Bernadette alichukua sahani yangu akaiweka chini.

“Bote balijifunza kwake, yaya,” akasema, akiniita dada yake mkubwa. “Ikifika pale, anasema: hapa mbuzi anaruka, turuke bote. Mwana wetu wa Kinshasa alimuleteaka ingine ya muzima. Akaisikiliza mara moya, akaitoa. Asema hii iko ya bure, mbuzi haiko mu ndani.”

“Alikuambia ni mbuzi gani?”

“Mbele ya kuoana. Asema: kuko mbuzi moya alinisemeshaka kweli, mi nikaseka. Asema: nilijua tu siku ya ndoa yake, wakati nilimuangaria mu macho. Na mali ilikuwa imekwisha kuliwa.” Alikuwa akitazama watoto, si mimi. “Alikuwa bwana muzuri, yaya. Lakini siku ya kusikiliza ile disiki, mi nilikuwa naenda ku jiko.”

“Nilisemaka kweli,” nikamwambia. Sikuwahi kulisema neno hilo kwa mtu yeyote.

“Minajua.”

Tulikaa hivyo, mkono wake juu ya wangu. Wimbo ukaisha, na mjukuu mmoja akairudisha sindano mwanzo bila kuambiwa. Mado akaja akanivuta. “Mama Mbuzi, tucheze.” Wakanizunguka, wakanipigia makofi, wakingoja niwachekeshe, maana munungwe ndiye anayefunga kilio kwa utani wake. Nikacheza polepole, kwa goti langu bovu, nikijua kila mstari wa wimbo ule. Gitaa likaanza kushuka. Wote wakaita jina langu na kuruka, na mimi nikabaki na miguu yote miwili chini, nikilia mbele ya watu, na hakuna aliyecheka.